Cuthbert Dukes: Daktari aliyesaka tezi na kutufundisha kukadiria maisha ya mgonjwa wa saratani ya utumbo

Ndugu wa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana huwa na swali moja mlangoni mwa wodi: je, atapona? Daktari wa upasuaji anaweza kuwaambia kwamba uvimbe wote umetoka, na akawa anasema kweli, lakini jibu kamili bado hana. Jibu hilo linasubiriwa kutoka maabara, na sehemu yake kubwa imo ndani ya vitu vidogo kama punje za choroko. Hizo ni tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani au shingoni mtaani tunaziita mitoki.

Seli za saratani zisipokutwa ndani ya tezi zilizo jirani na uvimbe, matumaini ni makubwa. Zikikutwa, hesabu inabadilika, na tiba nayo inabadilika. Leo madaktari tunalisema jambo hili kana kwamba lilijulikana tangu zamani. Ukweli ni kwamba kuna mtu aliyelitafuta kwa zaidi ya miaka 30, katika hospitali moja ndogo ya London. Wiki hii nawaletea maisha ya mtu huyo, Dk Cuthbert Dukes, ambaye jina lake kila mwanafunzi wa udaktari hulikariri kabla ya mtihani wa upasuaji, ingawa wachache huuliza alikuwa nani.

Nyumba ya mchungaji

Dukes alizaliwa mwaka 1890 katika mji wa Bridgwater, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa mmisionari nchini China. Nyumba hiyo ilitoa watoto waliokwenda kila mmoja na njia yake. Kaka yake Ashley alikuwa mwandishi wa tamthilia. Kaka mwingine, Paul, alikuwa jasusi wa Uingereza ndani ya Urusi baada ya mapinduzi ya 1917, akibadilisha sura na majina ili asikamatwe, na aliporudi salama alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1920.

Cuthbert hakuwa na visa vya namna hiyo. Alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1914, mwaka ambao Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza, na kama madaktari vijana wengi wa wakati wake akaingia jeshini kutibu askari. Vita vilipokwisha alielekeza maisha yake maabara. Ndugu yake alipenya nchi ya watu kutafuta siri. Yeye alizitafuta kwenye vipande vya nyama vilivyotoka chumba cha upasuaji.

Hospitali ya ugonjwa wa aibu

Mwaka 1922 Dukes aliajiriwa kuwa mtaalamu wa kwanza wa patholojia katika Hospitali ya St Mark's, London. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1835 na daktari wa upasuaji Frederick Salmon, ikiwa na vitanda 7 tu, kwa ajili ya maskini wenye maradhi ya njia ya haja kubwa. Wakati ule, kama ilivyo kwetu hadi leo, haya yalikuwa maradhi ya kufichwa. Mtu aliweza kutoka damu miezi na miezi bila kumwambia hata mwenzi wake wa ndoa.

Ili kuelewa umuhimu wa kazi ya Dukes, inafaa tujue hali ya upasuaji ilivyokuwa. Kwa muda mrefu saratani ya rektamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ilikatwa kwa kupitia chini tu, na kwa wagonjwa karibu wote ilirudi. Mwaka 1908 daktari mwingine wa London, William Ernest Miles, alieleza upasuaji mpana zaidi, unaofanywa kwa kupitia tumboni na chini kwa pamoja, ukiondoa rektamu pamoja na mafuta na tezi zinazoizunguka. Ulikuwa upasuaji mzito. Baadhi ya wagonjwa walifia mezani au siku chache baadaye, na waliopona waliishi na tundu la choo tumboni maisha yao yote.

Kwa hiyo swali lilikuwa zito kwa mgonjwa na kwa daktari wake: mateso yote hayo yanamfaa nani? Nani atakuwa hai baada ya miaka mitano, na kwa nini mwenzake aliyepasuliwa na daktari yuleyule, wiki ileile, atakuwa amefariki? Daktari mkuu wa upasuaji pale St Mark's, John Percy Lockhart-Mummery, alilitaka jibu, na ndani ya Dukes akampata mtu mwenye subira ya kulitafuta.

Kupekua mafuta

Kilicholetwa maabara kilikuwa kipande cha utumbo chenye uvimbe, pamoja na mafuta yaliyoshikamana nao kwa nyuma. Katika mafuta hayo ndimo inamopita mishipa ya damu na mishipa ya limfu, na ndimo tezi zinamojificha.

Mishipa ya limfu ni kama mifereji inayokusanya majimaji kutoka kwenye nyama za mwili na kuyarudisha kwenye damu. Tezi ni vizuizi vya ukaguzi vilivyo njiani. Seli ya saratani ikichomoka kwenye uvimbe na kuingia kwenye mfereji huo, mara nyingi hunaswa kwenye tezi ya kwanza inayoikuta. Ikishindwa kuuawa hapo, huzaliana, na baadhi ya watoto wake huendelea hadi tezi inayofuata.

Dukes alikifungua kipande, akakinyoosha, kisha akayapekua mafuta kidogo kidogo na kuitoa kila tezi aliyoipata. Kila tezi ilichorwa mahali pake kwenye mchoro wa mgonjwa huyo, kisha ikakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Ukubwa peke yake haukutosha kumwambia kitu. Tezi kubwa inaweza kuwa imevimba kwa maambukizi tu, na ndogo isiyofika milimita 5 inaweza kuwa na saratani ndani. Hakukuwa na njia ya mkato.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kujua wagonjwa wenyewe wameishia wapi. Mchoro wa tezi hauna maana kama hujui mwenye tezi hizo yu hai au la baada ya miaka mitano. St Mark's ilitunza kumbukumbu na kuwafuatilia watu wake mwaka hadi mwaka, na Dukes akawa anaoanisha mchoro na maisha.

Katika kazi hiyo alisaidiwa na kijana aitwaye Bussey, aliyeingia kama msaidizi wa maabara, na ambaye baadaye alikuja kuwa mtafiti mwenye sifa zake mwenyewe. Kwa pamoja walijenga pia daftari la familia ambazo watu wake, kizazi hadi kizazi, waliota vinyama vingi ndani ya utumbo mpana na kufa kwa saratani wakiwa bado vijana. Daftari hilo lilianza katika miaka ya 1920 na linaendelezwa mpaka leo. Mwaka 1926 Dukes aliandika makala iliyoonyesha uhusiano kati ya vinyama hivyo visivyo saratani na saratani yenyewe. Leo tunapomwingiza mtu kamera na kukata kinyama kabla hakijaharibika, tunafuata njia ambayo yeye ni miongoni mwa walioianza.

Herufi tatu

Mwaka 1932 Dukes alichapisha makala iliyomfanya ajulikane duniani. Aligawa saratani za rektamu katika makundi matatu na kuyapa herufi tatu.

A ni saratani ambayo bado imo ndani ya ukuta wa utumbo. B ni ile iliyokwisha kuutoboa ukuta na kuingia kwenye mafuta ya nje, lakini tezi zote ni safi. C ni ile ambayo imeingia kwenye tezi, hata kama ni tezi moja tu.

Makundi haya yalikuwa mepesi kiasi kwamba daktari wa mji wowote, mwenye kisu, hadubini na uvumilivu, angeweza kuyatumia. Kabla ya hapo wengi walitegemea sura ya seli za uvimbe au ukubwa wake. Dukes alionyesha kwamba la kutazama kwanza ni umbali ambao ugonjwa umesafiri.

Mwaka 1935, akiwa na Bussey na daktari wa upasuaji William Gabriel, aliligawa kundi la C mara mbili. C1 ni pale tezi zenye ugonjwa ni zile za karibu, na C2 ni pale ugonjwa umefika hadi tezi ya juu kabisa, karibu na mahali ambapo daktari alifunga mshipa wa damu. Ukifika pale, kuna hofu kwamba umepita mpaka wa upasuaji.

Michoro yake ilifichua jambo jingine. Saratani hii kwa kawaida hupanda juu, tezi baada ya tezi kwa mpangilio, na ni nadra ishuke chini kuelekea njia ya haja kubwa. Ugunduzi huo ulikuwa msaada mkubwa kwa wagonjwa, kwani miaka iliyofuata madaktari wa upasuaji walipata ujasiri wa kuacha misuli ya njia ya haja pale uvimbe ulipokuwa juu vya kutosha. Watu wengi leo wanaokwenda chooni kwa njia ya kawaida baada ya upasuaji wa saratani ya rektamu, bila mfuko wa choo tumboni, wana deni kwake bila kujua.

Hesabu za mwaka 1958

Dukes alistaafu St Mark's mwaka 1956, lakini hakuwa amemaliza. Mwaka 1958 yeye na Bussey walitoa hesabu kubwa iliyohusu zaidi ya wagonjwa 2,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Takriban nusu ya waliopasuliwa walikuwa tayari wamefika C.

Baada ya kuondoa vifo vya maradhi mengine, matokeo yao yalikuwa hivi. Kati ya wagonjwa 100 wa kundi A, karibu 98 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wa kundi B, karibu 78. Wa kundi C, karibu 32.

Tazama tofauti ya B na C. Wote wawili saratani imetoboa ukuta au inaweza kuwa imetoboa. Wote wamepasuliwa na mikono ileile. Kinachowatenganisha ni vile vipunje ndani ya mafuta.

Hata ndani ya C hali hazikulingana. Mgonjwa aliyekutwa na tezi moja tu yenye ugonjwa alikuwa na nafasi zaidi ya nusu ya kufika miaka mitano. Aliyekutwa na tezi zaidi ya 10 zenye ugonjwa, waliofika walikuwa wachache mno. Idadi ya tezi, na si kuwepo kwake tu, ilibeba habari. Ndiyo maana mfumo tunaoutumia sasa duniani, wa TNM, hutenganisha mgonjwa mwenye tezi 1 hadi 3 na mwenye tezi 4 au zaidi.

Mfumo huo umechukua nafasi ya herufi za Dukes kwa sababu nzuri. Kipande kilicho mezani hakiwezi kusema kama ini au mapafu yameguswa, na yeye hakukiuliza swali hilo. Herufi D, ya ugonjwa uliokwenda mbali, iliongezwa na wengine. Wapo pia waliozichukua herufi zake na kuzipa maana nyingine, hata madaktari wa nchi tofauti wakawa wanasema C1 wakimaanisha vitu viwili. Lakini msingi haukung'olewa. Tunachokiita leo hatua ya tatu ni ile C yake.

Kutoka hukumu hadi mlango wa tiba

Dukes alifariki mwaka 1977 akiwa na miaka 86. Kwa sehemu kubwa ya uhai wake, mtu akiambiwa ana C, hapakuwa na la kumwongezea baada ya upasuaji. Herufi ilibashiri tu, na wapo wasomaji watakaouliza ilikuwa na faida gani kujua ubaya usioweza kuuzuia.

Jibu lilikuja miaka 13 baada ya kifo chake. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya majaribio kwa wagonjwa wa saratani ya koloni waliokuwa kundi C. Baada ya upasuaji, baadhi walipewa dawa mbili: fluorourasili, ambayo ni dawa ya saratani, na levamisoli, dawa ambayo wengi wetu tuliinywa utotoni kwa ajili ya minyoo. Vifo vilipungua kwa takriban thuluthi moja. Levamisoli baadaye iliachwa na dawa nyingine zikachukua nafasi yake, lakini tangu hapo tibakemikali baada ya upasuaji imekuwa haki ya mgonjwa ambaye tezi zake zimekutwa na ugonjwa. Kwa saratani ya rektamu, mionzi kabla ya upasuaji nayo huamuliwa kwa kutazama mambo hayohayo, siku hizi kwa kusaidiwa na picha za MRI.

Majaribio yale yasingewezekana kama pasingekuwa na njia ya kuwatambua wagonjwa wa kuwapa dawa. Wale watu wa St Mark's wa miaka ya 1920 na 1930, ambao tezi zao zilichorwa moja moja, wengi wao walikufa. Hesabu iliyotokana na miili yao ndiyo inayomwonyesha daktari wa leo nani apewe dawa.

Haya yanatuhusu vipi?

Nimeandika maisha haya kwa sababu kuna jambo ninalolikuta kazini mara kwa mara. Mgonjwa anakuja na barua inayosema amefanyiwa upasuaji na uvimbe umetolewa. Nikiuliza majibu ya patholojia, hayapo. Wakati mwingine kipande hakikupelekwa maabara kwa sababu ndugu walishindwa gharama. Wakati mwingine kilipelekwa, lakini majibu hayataji tezi ngapi zilitafutwa.

Idadi hiyo ni muhimu. Miongozo ya sasa inataka angalau tezi 12 zichunguzwe. Zikipatikana tatu tu, na zote zikawa safi, hatuwezi kuwa na uhakika kwamba mgonjwa ni B. Huenda ni C ambaye tezi yake mbaya imebaki ndani ya mafuta bila kuonwa, naye akaenda nyumbani bila dawa alizostahili.

Kwa hiyo, msomaji, ndugu yako akifanyiwa upasuaji huu, uliza mambo matatu kwa heshima na bila woga. Kipande kimepelekwa maabara? Tezi ngapi zimechunguzwa? Ngapi zimekutwa na saratani? Omba nakala ya majibu uitunze kama unavyotunza hati ya kiwanja, maana kila daktari atakayekutana na mgonjwa huyo baadaye ataihitaji.

Na ukiambiwa tezi zimeguswa, usikate tamaa. Hesabu za Dukes zilihusu makundi ya watu, katika zama ambazo hapakuwa na dawa. Haziwezi kukuambia wewe binafsi utaishi siku ngapi. Kati ya wale 100 wa C, bila dawa yoyote, 32 waliishi. Leo wanaoishi ni wengi zaidi. Muulize daktari wako tibakemikali inakufaa vipi na ianze lini, kwa sababu kuchelewa kunapunguza faida yake.

Bora zaidi ni kugundulika ukiwa bado A. Damu kwenye choo, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu au kupungukiwa damu kusikoeleweka ni mambo ya kupeleka hospitali, hata kama una umri mdogo. Usijitibu bawasiri kwa miezi bila mtu kukupima. Nchi nyingi zenye uwezo huanza kuwachunguza watu wasio na dalili kati ya miaka 45 na 50. Kama mzazi au ndugu yako wa damu aliugua saratani hii, mweleze daktari mapema, kwani wewe unaweza kuhitaji kamera kabla ya umri huo.

Kati ya 98 wa A na 32 wa C, katika hesabu za Dukes, kulikuwa na tofauti ya watu 66 kwa kila 100. Huenda baadhi yao walichelewa kwa sababu ya aibu tu.